Spika ya Nyumbani: Sikio la Mtoto na Haki ya Jirani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni Zake Yeye aliyetuumba na kututilia masikio kabla ya kutufundisha maneno. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ahli zake, na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, mama zetu na dada zetu, juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka mbali kidogo na pwani yetu. Ameiandika mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye mumewe amehamishiwa kazi Kericho, na wao na watoto wao watatu sasa wanakaa katika nyumba za safu kando ya mashamba ya chai. Madrasa iko mjini, na watoto hufika huko Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine wanasoma nyumbani kwa kufuatisha kisomo kilichorekodiwa. Kwa ajili hiyo mama huyu alidunduliza akanunua wufa kubwa, yenye spika mbili za pembeni, akaiweka pembe ya sebule.

Hayakupita majuma mengi ila matatizo matatu yakamkabili. La kwanza, mvua ya alasiri ikishuka juu ya mabati, kisomo hakisikiki hata sauti ikipandishwa mpaka mwisho. La pili, mtoto wake wa kati, aliyetoka pwani akitamka vizuri, sasa hazitengi tena sini, swadi na thaa. La tatu ndilo lililomtia simanzi zaidi. Jirani yake, mama wa Kikipsigis afanyaye kazi ya usiku katika kiwanda cha chai, alimjia mlangoni mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa uso uliokunjamana, na mara ya tatu akagonga ukuta. Tangu siku hiyo hawaamkiani. Naye atuuliza: je, auze wufa hiyo? Akinunua nyingine, anunue ipi, aiweke wapi? Na je, jirani ana haki ya kulalamika, ilhali kinachosikika ni maneno ya Mwenyezi Mungu?

Tutaanza na swali la mwisho, kwani likijibiwa hilo, mengine yote hupata mahali pake.

Jirani anayo haki. Imepokewa katika vitabu sahihi vya Bukhari na Muslim kwamba Jibrili (A.S.) hakuacha kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, mpaka Mtume akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika urithi. Wosia huo haukumbagua jirani kwa dini yake wala kabila lake. Tena amepokea Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu msikitini akawasikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akafunua pazia, akawakumbusha kwamba kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kisomo. Hao walikuwa Waislamu, msikitini, wakisoma Qur'ani, na bado walikatazwa wasiudhiane. Sembuse mama aliyesimama usiku kucha kiwandani, akarudi asubuhi kutafuta usingizi wake?

Liko na jambo la pili. Katika Suratul A'araf Mola wetu ameamrisha kwamba Qur'ani inaposomwa isikilizwe na watu wanyamaze. Wengi wa wafasiri wameielekeza amri hiyo kwenye Sala, lakini adabu yake yaenea. Anayeiwasha spika kubwa, kisha akaenda jikoni kukaanga na kuzungumza na simu, amewafikishia majirani kitu ambacho yeye mwenyewe hakisikilizi. Heshima ya Qur'ani nyumbani ni kusikilizwa na aliyekusudia kuisikiliza, kwa sauti imtoshayo yeye. Na katika Suratul Israa tumefundishwa njia ya kati katika Sala, si kupaza mno wala kuficha mno. Msomaji akilishika hilo, amekwisha kupata nusu ya ilimu ya kuweka spika.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na adabu hii. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, ambazo husimamiwa na mamlaka ya NEMA, zimeweka kipimo cha ndani ya nyumba za makaazi kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku. Usiku kwa hesabu hiyo waanza baada ya saa 2 za jioni na kuendelea hadi saa 12 asubuhi. Tukumbuke kwamba mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kama desibeli 60, na mnong'ono kama 30. Maana yake ni kwamba sauti yako inayofika kitandani kwa jirani usiku haifai kuzidi sana mnong'ono. Darsa ya saa 3 usiku yaweza kuendelea, lakini isivuke ukuta.

Sasa tuje kwenye mtoto na herufi zake. Hapa nchi ya chai yenyewe ina kisa cha kutufundisha. Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi ngoma na nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, baina ya Kericho na Bomet. Alikuta watu wakiimba wimbo wa mtu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilikuwa ni la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilifika huko na gramafoni za wageni. Watu walilisikia jina kutoka ndani ya sanduku, wasimwone msemaji wala midomo yake, na sikio likalichukua kwa herufi lililozizoea: Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Wengine walimfikiria kuwa nusu mtu na nusu mnyama.

Hatukisimulii kisa hiki kwa kuwacheka watu wa Kapkatet. Sisi watu wa pwani tumeyafanya hayo hayo kwa maneno mengi ya Kireno na Kiingereza. Twakisimulia kwa sababu ndivyo sikio la kila mwanadamu lilivyoumbwa: likipokea sauti isiyo wazi, hulijaza pengo kwa kile lilichokizoea. Na mtoto anayesoma Qur'ani kutoka katika sanduku, bila kuuona ulimi wa mwalimu, yu katika hatari ya kupata Chemirocha yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba hapa herufi ikibadilika, maana ya maneno ya Mola hubadilika.

Basi kwa nini wufa kubwa imemharibia mtoto herufi? Jibu limo katika maumbile ya sauti. Sauti ni mitikisiko ya hewa. Mitikisiko michache kwa sekunde huleta sauti nene, na mingi huleta sauti nyembamba. Sauti ya mwanamume asomaye hutikisika yapata mara 120 kwa sekunde, ya mwanamke yapata mara 200, na ya mtoto huzidi hapo. Huo ndio mwili wa sauti, nao hubeba irabu na vina. Lakini kinachotenga sini na thaa, au sini na shini, ni ule upepo mwembamba unaopita baina ya ulimi na meno, na nguvu zake nyingi ziko juu sana, baina ya mitikisiko 4,000 na 8,000 na zaidi. Kila mmoja wetu amewahi kuliona jambo hili katika simu. Simu za zamani zilipitisha sauti baina ya mitikisiko 300 na 3,400 tu, ndiyo maana mtu akitaja jina lenye efu, mwenzake husikia esi, na hulazimika kulirudia herufi kwa herufi.

Wufa kwa asili yake hupendelea chini, ambako ndiko bezi iliko. Watengenezaji wengi huipandisha bezi kwa makusudi, kwa kuwa dukani mnunuzi huvutiwa na kishindo. Bezi ikizidi huzifunika herufi nyembamba, mfano wa mtu mnene aliyesimama mbele ya mtoto katika picha: mtoto yupo, lakini haonekani. Mama akapandisha sauti ili zisikike herufi, na bezi nayo ikapanda pamoja nayo. Ukuta ukatikisika, jirani akaamka, na swadi haikupatikana.

Kwa hiyo anayenunua spika kwa ajili ya kisomo, darsa na taarifa ya habari, na atafute usafi wa sauti ya mwanadamu kabla ya kishindo. Nasi twamshauri mambo yafuatayo.

Kwanza, asihadaike na wati. Sanduku limeandikwa wati 3,000 kwa herufi za dhahabu, lakini ukiigeuza spika na kusoma kibandiko cha nyuma utakuta kwamba inatumia umeme wa wati 50 au 60. Chombo hakiwezi kuendelea kutoa zaidi ya kilichopewa. Na hata hizo 50 ni nyingi. Kila ukitaka sauti isikike kama maradufu, huhitaji wati mara 10. Kutoka wati 1 hadi 10, kisha 10 hadi 100. Katika chumba kidogo, spika ya wastani ikilishwa wati 1 tu hutoa sauti ya kutosha mtu aliyekaa mita 2 mbele yake, hata ikabidi kuipunguza.

Pili, aende dukani na flashi yake mwenyewe, yenye kisomo akijuacho. Twapendekeza sura mbili za mwisho wa msahafu, kwa kuwa kila mama amezihifadhi. Katika Suratul Falaq amsikilize thaa, ghaini na qafu. Katika Suratun Nas amsikilize sini inayorudi kila mara, kisha swadi inayokuja karibu nayo. Amwombe muuzaji aishushe bezi mpaka chini, aiweke sauti katika kiasi cha mazungumzo, naye afumbe macho. Akiweza kuitenga sini na swadi bila kukisia, spika hiyo yafaa. Asipoweza, basi hata ingemetameta taa za rangi saba, aiache hapo hapo. Muuzaji akiiwasha kwa ngoma ya kishindo, amkatize kwa adabu: tumekuja kusikiliza herufi.

Tatu, atazame sura ya spika yenyewe. Iliyo njema kwa kisomo aghalabu huwa na viwili ndani yake: kipande cha wastani cha sauti ya kati, na kingine kidogo kwa sauti nyembamba. Sanduku la mbao zito ni bora kuliko la plastiki jepesi linalotetema likiguswa. Kama ni mfumo wenye waya na amplifaya ya kando, namba ya ohmu iliyoandikwa kwenye spika isiwe chini ya ile inayokubaliwa na amplifaya. Aliyeunganisha spika mbili za ohmu 8 katika tundu moja, sambamba, ameifanyia amplifaya mzigo wa ohmu 4, na huenda ikapata joto na kuungua.

Nne, huenda asihitaji spika mbili. Tumezoea kuona jozi, tukadhani moja ni upungufu. Lakini visomo vingi vya zamani vilirekodiwa kwa njia moja tu, na sauti ya pande zote mbili ni ile ile. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyekuwa wa kwanza kurekodi msahafu mzima kwa kisomo cha murattal mwaka 1961, alituachia pia kisomo cha mafunzo, kilicho taratibu, ambacho watoto wengi hukifuata hadi leo. Kisomo cha namna hiyo hutolewa vyema na spika moja nzuri. Fedha za mbili hafifu na zinunue moja iliyo safi.

Tano, aiangalie na flashi pia. Kisomo kilichobanwa mno ili msahafu mzima uingie katika nafasi ndogo hupoteza zile sauti nyembamba kwanza, na hapana spika ya kuzirudisha. Akisikia sini zinasikika kama maji yanayobubujika, tatizo ni la faili, wala si la chombo. Apate nakala bora.

Tukiisha kununua, kazi kubwa zaidi yabaki, nayo ni mahali pa kuiweka. Spika ile ile huweza kuwa nzuri hatua mbili kutoka hapo ilipoharibika.

Nyumba za Kericho na Bomet si kama zetu. Huku pwani madirisha yako wazi, upepo wa bahari unaingia, na sauti nusu yake hutokea uchochoroni. Kule juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi huwafanya watu wafunge milango na madirisha mapema. Sauti hufungiwa ndani pamoja na watu. Sakafu ni saruji, kuta ni tupu, na juu ni bati. Sauti hugonga na kurudi, ikagonga tena, na herufi ya kwanza haijafa kabla ya pili kuzaliwa. Tiba yake ni vitu laini ambavyo mama wa Kiswahili havimkosi: zulia au mikeka miwili iliyopandanishwa, pazia zito, mito ya kukalia, na kabati la vitabu lililojaa ukutani. Apige kofi moja katikati ya chumba. Akisikia mlio unaodunda baada ya kofi, chumba bado ki tupu.

Pembe ya chumba ndiyo mahali pabaya kuliko pote kwa wufa. Kuta mbili na sakafu hukutana hapo na kuikuza bezi. Chumba cha mita 3 kwa 3 pia kina mngurumo wake wa asili, yapata mitikisiko 57 kwa sekunde, na kwa kuwa pande zote mbili ni sawa, mngurumo huo hujikusanya maradufu. Ndio huo unaosafiri hadi kwa jirani. Basi spika itolewe pembeni, isogezwe kutoka ukutani japo kwa hatua ndogo ya sentimita 30 au 50, wala isitiwe ndani ya kabati lililofungwa.

Kimo chake kiwe sawa na sikio la msikilizaji. Sauti nyembamba huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Anayekaa chini au juu ya mstari wake huzikosa. Mtoto aliyekaa mkekani sikio lake liko yapata sentimita 60 kutoka sakafuni. Spika iliyo juu ya kabati humsomea taa ya dari. Iwekwe juu ya kibao kifupi, uso wake ukimwelekea mtoto. Kama spika ni mbili, umbali baina yao uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji, mfano wa mafiga matatu. Waya mwekundu uingie pekundu na mweusi peusi katika zote mbili, kwani ukigeuzwa mmoja, sauti ya katikati huwa kama imetobolewa.

Sasa mvua. Nchi ile hupata mvua karibu mwaka mzima, na mvua ya mawe si ngeni kwao. Bati likipigwa, hapana spika ya nyumbani itakayoshindana nalo, wala haifai kujaribu. Dawa ni kusogea. Mahali pa wazi, kila umbali ukipunguzwa nusu, sauti huongezeka desibeli 6. Ndani ya chumba ongezeko huwa pungufu, kwa sababu kuta nazo hurudisha sauti, lakini ile ya moja kwa moja, yenye herufi safi, ndiyo inayozidi. Spika iliyokuwa mita 4 ikiletwa mita 1 mbele ya watoto, husikika wazi bila kuguswa kitufe. Wenye uwezo waweke siling chini ya bati, kwani hupunguza ghasia ya mvua na baridi kwa pamoja. Na mvua ikiwa kubwa mno, watoto wakariri walichohifadhi, wakimsomea mama mmoja mmoja sikioni. Radi ikianza, chombo kichomolewe kabisa kutoka ukutani pamoja na waya wa antena, kwani kukizima kwa kitufe pekee hakukilindi.

Tumrudie jirani. Kuta za nyumba za safu hutumiwa na nyumba mbili, na mahali pengine, pasipo siling, huwa pana uwazi baina ya kichwa cha ukuta na bati. Sauti hupita hapo kama moshi. Uwazi huo ukizibwa, nusu ya ugomvi huisha. Spika isipewe mgongo kwenye ukuta wa pamoja, wala isitundikwe juu yake. Iwekwe upande wa ukuta wa nje, na chini yake patiwe vipande vya ndara kuukuu au blanketi lililokunjwa, ili mtikisiko usishuke katika sakafu. Bezi ishushwe hadi chini kabisa. Hapa wengi hukosea: mazulia na mapazia hutuliza mwangwi wa ndani, lakini hayaizuii bezi kupita. Kinachoizuia ni uzito wa ukuta, na ukuta hatuwezi kuubadilisha. Tunaloweza ni kutoizalisha bezi hiyo tangu mwanzo.

Kisha kuna lile ambalo spika haiwezi kulifanya. Twamshauri dada yetu aandae sahani ya mahamri, aifunike kwa kitambaa safi, aende kwa jirani saa za jioni kabla hajatoka kwenda kazini. Amwamkie kwa lugha yake, chamgei, kisha amwombe radhi bila kueleza mengi. Halafu amuulize swali moja: zamu yako juma hili ni ya saa ngapi? Akilijua hilo, apange darsa ya watoto katika saa ambazo jirani yuko kazini au macho. Viwanda vya chai msimu wa majani mengi havilali, na zamu hubadilika. Basi swali hilo liulizwe kila zinapobadilika. Watu wa huko ni wakarimu, na huenda sahani ikarudi na maziwa ya mursik. Na tusisahau kwamba chai inayouzwa katika mnada wetu wa Mombasa, ambao ulihamia hapo mwaka 1969 kutoka Nairobi, sehemu yake kubwa hupitia mikono ya watu kama mama huyo. Kikombe cha asubuhi tunachokinywa barazani kina usingizi wake ndani yake.

Twaongeza maneno mawili kwa familia nyingine. Nyanya au babu aliyepungukiwa na usikivu aghalabu hukosa zile sauti nyembamba kwanza. Kupandisha sauti ya sebule nzima humchosha yeye na kuwaumiza watoto. Awekewe kispika kidogo kando ya kiti chake. Na mama aliye jikoni awe na redio yake ndogo huko huko, badala ya kuipandisha ya sebuleni ivuke ukumbi. Wanaowapa watoto spika za masikioni ili jirani asisumbuke wajue kwamba Shirika la Afya Duniani limewawekea watoto mpaka wa desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma, na watu wazima 80. Mtoto akivaa spika hizo na wewe uliye karibu ukaisikia sauti, imekwisha kuzidi.

Kuhusu kuiuza wufa, tungemwambia asiharakishe. Aitoe pembeni, aishushe bezi, aisogeze karibu na watoto, ajaribu juma moja kwa mtihani wa Suratun Nas. Ikiwa sini na swadi zimetengana, amesalimika na gharama. Zisipotengana, aiuze na kununua spika moja safi ya wastani. Kwa vyovyote, huyu mtoto wa kati asiachiwe sanduku peke yake. Kila siku, japo kwa robo saa, mama akae mbele yake uso kwa uso, atamke swadi polepole, mtoto autazame mdomo wake na kuitamka. Elimu hii ilitufikia kutoka mdomo hadi sikio, kizazi baada ya kizazi, na spika ni msaidizi wa mwalimu tu.

Katika Suratul Israa vilevile tumeonywa kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Tumezoea kuyafahamu hayo kwa upande wa tunayoyasikia sisi. Ni vyema tuyafikiri pia kwa upande wa tunayowasikilizisha wengine, watoto wetu na wale waliolala upande wa pili wa ukuta.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, awape watoto wetu ndimi zilizonyooka, na awape majirani zetu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, amani kutokana na mikono yetu na sauti zetu. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.